Mikono ya Bibi Wakati wa Kimya

Jumapili iliyopita niliwahi kanisani, hapa Kikuyu ya kwetu Ugogo, nikawakuta wasichana wa kwaya nyuma ya ukuta wamewasha moto wa mabua ya mtama. Walikuwa wakizipasha ngozi za ngoma zao ili zilie vizuri. Ngozi ya mbuzi ikipata moto hutoa harufu yake ya peke yake: mafuta kidogo, manyoya yaliyoungua kidogo, na zizi. Wenzangu walipita wameziba pua. Mimi nilisimama pale nikasahau hata salamu, maana pua yangu ilikuwa imekwisha kunirudisha kwenye nyumba ya bibi yangu, siku za Wajerumani, nikiwa binti wa miaka tisa hivi, meno mawili ya mbele yamenitoka.

Bibi yangu, Nyemo, mama yake baba, alikuwa mpigaji wa muheme. Kwa wewe usiye wa huku, muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Mwanamke huibana mapajani, akaipiga kwa viganja, na wenzake wakaimba. Watu wazima waliniambia kwamba Bibi alipopiga, hata wanaume waliokuja kutazama ng'ombe walisahau ng'ombe. Mimi sikuwahi kumsikia. Nilipopata akili, ngoma yake ilikuwa imetundikwa juu ya meko, nyeusi kwa masizi, kwa sababu Bibi alikuwa mwanafunzi wa ubatizo, na mwanafunzi wa ubatizo hakuruhusiwa kugusa ngoma.

Lazima nikuambie kwa nini mwanamke kama yule aliiacha ngoma yake. Baba yangu, mwanawe wa pekee, alikuwa amebatizwa. Alikufa kwa homa mwaka ule reli ilipofika upande wa Zuzu, akazikwa kwenye uwanja wa kanisa, na uwanja ule ulikuwa wa waliobatizwa tu. Bibi alitaka kulazwa kando ya mwanawe, basi. Wala hakuificha sababu yake. Mwalimu Yakobo, katekista wetu, alipomwuliza kwa nini anataka ubatizo, alijibu, "Mwanangu amelala kule peke yake." Mwalimu aliandika kitu kwenye daftari, nadhani kitu kingine kabisa.

Kanisa letu lilikuwa tembe refu lenye paa la udongo, na ndani mlikuwa na ubaridi mzuri hata jua la Oktoba likiwaka. Tulikaa chini kwenye ngozi na mikeka, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine. Mbele palikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kilicholetwa vichwani mwa wapagazi kabla ya reli. Vumbi la Ugogo lilikuwa limekiingia tumboni, hivyo kila kilipoanza kilikohoa kwanza. Mwalimu Yakobo alikikanyaga mpaka jasho likamtoka, nasi tukaimba nyimbo za Wazungu kwa maneno ya kwetu, kila mtu akitafuta njia yake, tukakutana kwenye amina. Bibi hakuimba. Alisema nyimbo zile zinamchosha, hazina mahali pa kuweka mguu.

Alichokipenda kilikuwa kimya. Padre wetu, Mzungu mrefu mwenye miwani minene, alituzoesha kunyamaza baada ya mahubiri ili kila mtu aseme na Mungu moyoni mwake. Mara ya kwanza palitokea kizaazaa. Kwetu, watu wengi wakinyamaza kwa pamoja, pana msiba na jina bado halijatajwa. Tulinyamaza kidogo tu, mama mmoja akauliza kwa sauti, "Nani amekufa?" Kabla Mwalimu hajajibu, wanawake wa nyuma walikuwa wamekwisha kuanza kulia, na mmoja alitoka mbio kwenda kumtazama mumewe aliyemwacha nyumbani na mafua. Padre alihitaji Jumapili kadhaa kutushawishi kwamba hakuna aliyekufa.

Kazi yangu ilikuwa kumwongoza Bibi kwenda kanisani, kwani macho yake yalikuwa na ukungu. Nilishika ncha moja ya fimbo yake, yeye akashika nyingine, tukaenda tukiwaamkia watu, "Mbukwenyi, mbukwenyi," mpaka mlangoni. Alipenda kukaa mbele kabisa, na mimi ubavuni pake. Ndiyo maana nikawa wa kwanza kuona.

Kimya kilipoanza, mikono ya Bibi iliamka. Viganja vilipanda na kushuka juu ya mapaja, pale pale ngoma ingekaa, pasipo sauti hata chembe, kwanza polepole, halafu kwa haraka, vidole vikifuatana bila kukosea. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Alikuwa anapiga muheme kanisani, mbele ya Padre, yeye mwanafunzi wa ubatizo.

Nilishikwa na hofu ambayo naikumbuka mpaka leo. Mwaka uliotangulia mama mmoja aliyengoja ubatizo alikuwa ameonekana akipiga ngoma kwenye unyago, na wazee wa kanisa wakamcheleweshea ubatizo mwaka mzima. Bibi hakuwa na mwaka mzima. Alikohoa usiku na mchana, na Mama alikuwa ameanza kumpikia uji mwepesi wa uwele, ule wanaopikiwa watu ambao hawatarajiwi kuomba nyama tena. Nilihesabu Jumapili zilizobaki kabla ya ubatizo. Zilikuwa sita. Jumapili iliyofuata, mikono yake ilipoanza tu, niliidaka, nikaikandamiza mapajani pake kwa mikono yangu miwili na uzito wangu wote.

Haikupigana nami. Ilitetemeka kidogo chini ya mikono yangu, halafu ikalala. Nilijiona nimefanya kazi kubwa sana, hata njiani kurudi nilingoja sifa. Tulipofika, Bibi aliiachia fimbo, akaingia ndani.

Jumapili iliyofuata alisema miguu inamuuma. Na ile nyingine tena. Mama alimsihi, akamwambia atakosa ubatizo, akamkumbusha baba yangu. Bibi akageukia ukuta. Mimi nilijua kwamba miguu haikuwa na neno, maana nilikuwa nikimwona asubuhi akienda mwenyewe kuwapapasa ndama. Kanisani nilikaa peke yangu mahali petu. Nikaona jambo moja ambalo sikulitilia maanani: kimya kilikuwa kifupi, nzi hakupata hata nafasi ya kutua. Padre alitazama huku na huku, akasema amina kwa haraka, kinanda kikakohoa.

Baada ya Jumapili ya tatu nilishindwa kula. Nilimkuta Bibi ameketi kivulini mwa nyumba akichambua mlenda kwa kupapasa, nikapiga magoti.

"Bibi, niliishika mikono yako kwa sababu nilimwogopa Padre. Angekuona unapiga ngoma, wasingekuzika na Baba."

Aliendelea kuchambua majani. "Mimi nilikuwa sipigi ngoma," alisema. "Ngoma iko juu ya meko."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Ninyi mna maneno ya kwenye kitabu. Mimi siyajui. Mungu wa Padre amesema tunyamaze tuseme naye, nami nasema naye kwa nilicho nacho." Akanitafuta kichwa kwa mkono, akakipata. "Uliponishika, nilikuwa nimefika kwa baba yako. Nilikuwa namtaja."

Nililia mpaka kamasi zikaingia kwenye mlenda. Alinisukuma kwa kiwiko, akasema mboga hiyo sasa haihitaji chumvi.

Jumapili iliyofuata tulikwenda wote wawili, fimbo ile ile. Kimya kikaanza, na mikono yake ikaamka. Mimi niliikalia mikono yangu mwenyewe ili isije ikafanya ujinga tena. Nilimtazama Padre, nikaona miwani yake imetuelekea sisi moja kwa moja. Nikajua yamekwisha. Kimya kilikuwa kirefu mno. Mtoto wa mtu akalia akanyonyeshwa, gari la moshi likapiga honi mbali, likapita, na bado tumenyamaza. Hatimaye mikono ya Bibi ikalala, na Padre akasema amina.

Tulipotoka alimwita Bibi. Mwalimu Yakobo akatafsiri: Padre anauliza kama ulikuwa mgonjwa. Bibi akajibu, miguu. Padre akasema anashukuru kwamba miguu imepona, akampa mkono, akaenda zake. Usiku ule nilimshukuru Mungu kwa moyo wote kwa kumpa Padre macho mabovu kuliko ya Bibi.

Bibi alibatizwa pamoja na wenzake, akaitwa Ana, jina ambalo hakuitika hata siku moja. Alifariki kabla ya mvua. Tulimzika kando ya baba yangu, karibu hata ungesema wanalalia mkeka mmoja. Kaburini Padre alisoma maneno yake, halafu akatuambia tunyamaze. Tukanyamaza. Akasimama ameinamisha kichwa, na muda ukapita, na watu wakaanza kubadilisha miguu, na jua likatuchoma visogo, na yeye hasemi kitu. Wazee wakatazamana. Mimi nilidhani amesahau maneno ya kufungia. Mwishowe Mwalimu Yakobo alimgusa mkono, naye akasema amina kwa sauti ndogo.

Vita ilikuja, Padre akaondoka, sikumwona tena. Nilikuwa mama wa watoto wanne nilipokwenda kumwona Mwalimu Yakobo, mzee sasa, miguu imevimba kwa kukanyaga kinanda miaka yote ile, kama alivyopenda kudai. Tulicheka juu ya mambo ya zamani, nikamsimulia jinsi nilivyoikandamiza mikono ya Bibi ili Padre asiione.

Mzee alinitazama kwa mshangao. "Asiione? Mwanangu, Padre ndiye aliyeniambia, Yakobo, usikiguse kinanda mpaka mikono ya yule mama itulie. Alisema katika kanisa zima ni bibi yako peke yake ambaye yeye Padre aliweza kuona kwa macho kwamba anasali. Zile Jumapili ambazo hakuja, Padre hakujua aseme amina lini."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima sikuona nilipokanyaga. Nilimshukuru Padre, ambaye sikuwahi kumshukuru akiwapo, na nikamshukuru Bibi aliyerudi kunyamaza nami baada ya nilichomtendea. Na nikaelewa kilichotokea kaburini siku ile. Padre hakuwa amesahau maneno yoyote. Alizoea kungoja mikono ya Bibi imwambie inatosha, na siku ile alingoja, akangoja.