Mkono kwenye Keria

Kwetu Kibugu baiskeli huendeshwa nusu ya safari tu. Ukienda sokoni unakaa juu, hukanyagi hata pedali, mlima wenyewe unakupeleka. Ukirudi, shuka usukume. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Sawa, lakini sisi wa huku juu tunajua na upande wa pili: aliyeshuka lazima apande, tena akiwa na mzigo.

Nasema haya kwa sababu kuna watu hunicheka mpaka leo. Ati mwanamke mzima, fundi wa nguo, mama wa watoto, niliacha cherehani nikaenda kupigania njia ya baiskeli, na kuendesha kwenyewe sijui. Ni kweli, sijui. Nilijaribu mara moja nikiwa msichana, nikaishia katikati ya majani chai ya jirani. Lakini kusukuma najua. Kuhusu kusukuma mtu asiniambie kitu.

Baba alikuwa na baiskeli nyeusi, zile nzito tulizoziita blakmamba. Nyuma ilikuwa na keria, kile chuma cha kufungia mzigo, na hapo ndipo mimi nilipokulia. Siku ya soko asubuhi alinipakia juu ya kabeji, mama akasimama langoni akipiga kelele, "Breki, baba watoto! Breki!" Tulikuwa tumeshapotea. Ukungu ulitupiga usoni, chai kulia, chai kushoto, nami nimemkumbatia kiunoni nimefumba macho. Tukikaribia daraja breki zilianza kunuka mpira unaoungua. Hata sasa nikisikia harufu hiyo nafurahi, wakati wenzangu wanauliza ni nini kinaungua.

Utamu lakini ulikuwa wa kurudi. Soko liko chini ya mlima, ng'ambo ya mto, njia ya kwenda Embu mjini, na kutoka darajani mpaka kwetu ni kupanda tu. Baba alishika usukani, akaegemea mbele, gunia likiwa nyuma yake. Na kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyetufundisha. Ukimkuta mtu anasukuma, unatia mkono kwenye keria, unasukuma naye. Huombwi. Wala huulizi "nikusaidie?" maana hapo utakuwa umemtukana. Unatia mkono kwanza, kisha ndiyo unasalimia. Mtu aligeuka tu kidogo kuona ni nani, na maneno yakaanza. Habari zote zilipandia hapo: nani ameposwa, ng'ombe wa nani amezaa, nani amerudi kutoka Meru na viatu vipya na hataki kukanyaga tope. Tulipanda polepole sana na hakuna aliyekuwa na haraka.

Baba na mama walijuana kwenye mlima huo huo. Baba alisimulia kwamba msichana mmoja alitia mkono kwenye keria yake na hakuutoa. Mama alikataa kabisa. "Uongo! Niliweka kiondo changu hapo, nikaona huyu mtu simjui, nikamfuata kisije kikapotea."

"Na umekifuata mpaka leo," baba alimjibu, na mama alimtupia chochote kilichokuwa karibu.

Halafu lami ikaja. Nisidanganye, tulishangilia. Nilicheza ngoma siku ile kuliko mtu yeyote, nikachana sketi niliyoishona mwenyewe. Tope kwaheri, mgonjwa atafika hospitali, chai itafika kiwandani kabla haijanyauka. Yote hayo yalikuja kweli. Lakini barabara ilikuwa nyembamba. Lami ikiisha, mtaro unaanza hapo hapo, hakuna hata pa kuweka ndoo. Na magari yaliyokuwa yakitambaa kwenye tope sasa yalipata mbio. Madereva walitoa kichwa dirishani wakipiga kelele, "Kando, mzee! Kando!" Kando gani sasa, ndugu yangu? Mtaroni?

Watu wakaacha baiskeli, mmoja leo, mwingine kesho. Baba hakuacha. Ikafika siku moja ya soko, alikuwa anasukuma ndengu za mama, zile zinazoletwa na watu wa Mbeere, lori likampigia honi kwa nyuma. Akajisogeza kando. Alianguka mtaroni, baiskeli ikaanguka juu yake, ndengu zikamwagika juu ya wote wawili. Nyonga iliumia vibaya. Alipotoka hospitali, kaka zangu walikuwa wameifunga baiskeli kwa kamba na kuitundika kwenye boriti za stoo, juu kabisa, mahali ambapo mtu mgonjwa wa nyonga hawezi kufika.

"Baba, sasa utakuwa ukipanda bodaboda," walimwambia.

"Mimi si gunia," alisema.

Siwalaumu kaka zangu. Walimpenda, waliogopa. Lakini kila siku ya soko baba aliamka, akanyoa ndevu, akavaa koti lake la sokoni, akaketi langoni. Jioni aliingia ndani akalivua. Nguvu zilirudi, akawa anatembea na fimbo, daktari akasema atembee zaidi, naye hakuwa na pa kwenda. Alikataa bodaboda, alikataa magari ya kaka zangu. Alitaka kurudi kutoka sokoni kwa miguu yake, na baiskeli yake mkononi, basi. Mama alinipigia simu dukani kwangu, huko sokoni, akaniambia, "Mwanangu, baba yako anazeeshwa na kuketi. Tutampoteza hapa langoni."

Niliweka simu chini kwa hasira. Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu sokoni anajua. Nilitoka nikaenda kwa fundi wa baiskeli, jirani wa duka langu, ambaye siku hizo alikuwa anauza maji ya chupa kwa sababu hakuna aliyeleta pancha tena. Nikamwambia, "Fundi, wewe utakaa hapa ukitazama hiyo barabara mpaka lini?"

"Mpaka mtu mwenye kelele kama zako aje," alisema.

Wa tatu alikuwa mwalimu kijana wa sekondari, mgeni kwetu, aliyeendesha baiskeli nyembamba akiwa na kofia ya plastiki kichwani. Watoto walimfuata wakicheka. Tukajiita Watu wa Kando, kwa sababu ya ile kelele ya madereva. Mshahara hakuna, ofisi ni benchi la fundi.

Tulizunguka ofisi zote tukiomba njia ya baiskeli kando ya lami, wueh! Tuliambiwa njooni kesho mpaka nikaanza kwenda na nguo za wateja nipindie huko huko kwenye foleni. Fundi alikuwa akisema bandu bandu huisha gogo, nami nikamwambia hilo gogo lina wenyewe. Tulisimama kanisani baada ya matangazo. Tulienda kwenye baraza, na asiyekuwepo na lake halipo, kwa hiyo niliketi mstari wa mbele. Mwenyekiti mmoja akaniuliza mbele ya watu wote, "Sasa wewe mama, baiskeli yako iko wapi?"

"Iko kwenye boriti," nilimjibu. "Ndiyo maana niko hapa."

Watu walicheka, lakini wazee wengine hawakucheka. Nao walikuwa na za kwao kwenye boriti.

Mwishowe ikaja habari kwamba injinia atakuja kuangalia mlima. Habari hiyo ilikuwa na mkia: nafasi iko ya upande mmoja tu. Tuchague, wa kuteremka au wa kupanda. Hapo Watu wa Kando tuligombana kama watoto. Mwalimu alitaka wa kuteremka. Alisema mwendo wa baiskeli uko huko, hatari iko huko, na anayepanda anaweza kutembea tu. Nikaenda nyumbani nikamuuliza baba pale langoni.

Hakufikiri hata kidogo. "Nikiteremka nina breki," alisema. "Nikipanda nina nini? Nina mgongo tu, na gari liko nyuma ya mgongo." Kisha akaongeza, "Na mami, iwe pana. Wa keria naye ataweka miguu wapi?"

Mami ni mimi. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, kwa hiyo maisha yangu yote baba aliniita mama yake, na akiniita hivyo siwezi kumkatalia kitu.

Siku ya injinia nilimwomba fundi alete baiskeli yake na gunia la mahindi juu. Injinia alikuwa mtu mpole, kalamu sikioni, viatu safi. Alisikiliza yote. Aliposikia kwamba tunataka njia ipanuliwe ili watu wawili wapite na baiskeli moja, alitabasamu. "Mama, hii ni njia ya baiskeli au ya mazungumzo?"

"Zote mbili," nilisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Kwetu hazijawahi kutenganishwa."

Nilikuwa tayari kwa vita, haki ya Mungu. Fundi akaona uso wangu, akashika usukani haraka, akaanza kupanda ili tu tuonyeshe bila mimi kufungua mdomo tena. Gunia lilikuwa zito, baiskeli ikayumba. Na yule injinia, bila kuambiwa, bila hata kutuangalia, akatia mkono kwenye keria na kusukuma.

Alipanda kipande kirefu akiwa hivyo, viatu safi vikiingia kwenye majani ya mtaroni, kwa sababu pa kukanyaga hapakuwepo. Walipofika juu alikuwa anahema. Nikamuuliza, safari hii kwa adabu, "Nani amekufundisha hiyo?"

"Mama yangu," alisema. "Kwetu ni huko chini, Mbeere. Baiskeli ya maji haiendeshwi mchangani. Yeye alishika usukani, mimi nilikuwa nyuma kwenye mitungi." Akaangalia viatu vyake, kisha akaangalia mtaro. "Sijatia mkono kwenye keria tangu azikwe."

Mwalimu alivua kofia yake ya plastiki. Hakusema tena mambo ya kuteremka. Na mimi, mwenye mdomo wangu wote, nilijikuta natafuta leso.

Ilichukua muda, kwani kazi ya barabara ni kazi ya barabara. Mvua ilikuja, mashine ikaharibika, mawe yakaisha. Baba aliuliza kila siku wamefika wapi. Mama akasema amemwona stooni amesimama na mkebe wa mafuta, anatazama juu. Kaka zangu hawakungoja niwagombeze, waliiteremsha wenyewe. Akapaka mnyororo mafuta, akaisugua kengele yake mpaka ikang'aa, akasema iko tayari kabla barabara haijawa tayari.

Njia ilipomalizika ilikuwa fupi, kutoka darajani mpaka kituo cha kupimia chai, upande wa kupanda tu, na mawe ya ukingo kati yake na magari. Lakini ilikuwa pana. Ilitosha watu wawili na baiskeli.

Siku ya soko iliyofuata baba alikubali gari la kaka yangu, kwa kuteremka tu, na baiskeli nyuma. Alivaa koti lake. Alizunguka soko lote akisalimiwa, akanunua ndengu kidogo, mfuko mdogo ambao mtoto angeubeba kwa mkono mmoja, akaufunga kwenye keria kwa kamba ya mpira kama gunia zima. Nilifunga duka. Tulipofika darajani alinipa fimbo yake, akashika usukani kwa mikono yote miwili, akaegemea mbele.

Ndipo nikaona kwa nini alikataa vyote vile. Baiskeli ilimshika. Nyonga mbovu haikuwa na kazi kubwa, usukani ulibeba. Alitembea wima, hatua baada ya hatua, na magari yakapita upande wa pili wa mawe bila kumpigia mtu kelele. Watu wakatoka kwenye chai kumwangalia. Mzee mmoja aliyekuwa amerudi kutoka shambani alishika keria kidogo, akamwambia habari za ng'ombe wake, akaachia kwenye njia panda ya kwake.

Nikabaki mimi nyuma. Nilikuwa na furaha, na hofu pia, nikitaka afike kabla hajachoka, nikitaka kuwaonyesha kaka zangu, mwenyekiti, na wote walionicheka. Nikasukuma kwa nguvu. Baiskeli ilikuwa nyepesi, ikakimbia mbele, na yeye akalazimika kuharakisha.

Akageuka kidogo, vile watu walivyogeuka zamani kuona ni nani. Alikuwa anatoka jasho na anacheka.

"Punguza, mami," alisema. "Utanimalizia njia."

Nikapunguza. Tulipanda hivyo mara nyingi baadaye, kila siku ya soko, mpaka siku ile ambayo hakuamka kunyoa ndevu. Baiskeli sasa iko dukani kwangu nyuma ya cherehani, na jioni nikifunga naisukuma mpaka nyumbani kwa mama na ndengu zake juu. Siku nyingine nahisi imekuwa nyepesi ghafla, najua kuna mtu ametia mkono. Sigeuki haraka.