Mchanga Laini wa Bondeni

Moshi wa kuni alizowasha bosi hapa jangwani, nje ya Riyadh, umenirudisha msituni na baba, mrina asali. Tulilala popote bila kumlipa mtu, na siku moja aliniachia mimi mtoto nichague mahali. Nikachagua mchanga laini bondeni.

“Baba, hapa watalala wafalme!”

“Hapa ni njia ya maji, mama. Mwenyewe akirudi je?”

Nikanuna. Tukahamia mwambani, mawe yakanichoma mbavu. Kwetu halikudondoka tone, lakini milimani ilikuwa imenyesha. Kabla jua halijazama maji yakashuka yakinguruma, yamebeba magogo. Nikamng’ang’ania baba shati, nikilia kwamba karibu tufe kwa sababu yangu.

Akacheka, akanifuta kamasi. “Kesho utachagua tena wewe.”