Kondoo Wanane wa Mwakiro

Simu ya Sylvestre ilinikuta bandani kwetu Buraza, mkoani Gitega, nikikamua. Sylvestre ni mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji huko Mwakiro, mkoani Muyinga. Tulikulia wote kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania na tukarudi Burundi mwaka mmoja, kwa hiyo tunazungumza kama ndugu. Siku hiyo hata salamu hakunipa.

“Dada Imelda, wanakondoo watatu wamekufa. Maziwa yanaharibika. Watu wanasema kondoo wako wametuletea ugonjwa, na keshokutwa mchinjaji anakuja kuwachukua wote.”

Kondoo wenyewe walikuwa wanane, majike watupu, waliotoka kwenye kundi la ushirika wetu wa Buraza. Mimi ndiye niliyewapeleka, na mimi ndiye niliyewafundisha wenyeji kuwakamua. Haikuwa kazi nyepesi. Kwetu Burundi wapo wengi wasiogusa nyama ya kondoo, sembuse maziwa yake, na kikundi cha Mwakiro kilichekwa miezi mizima kabla majirani hawajaanza kuonja. Wale wanane wakichinjwa, hakuna mtu wa kilima kile ambaye angethubutu tena.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Gitega mjini na mkoba wangu: kipimajoto, kisahani cheusi cha kuonyeshea madonge kwenye maziwa mabovu, na dawa ya kuchovyea chuchu. Magari yalikuwa yamepanga foleni kwenye kituo cha mafuta bila dalili ya kusogea. Nilizunguka nikiuliza, nikijibiwa “subiri”, mpaka karibu saa sita, nilipompata dereva wa lori la maharage aliyekuwa na mafuta ya kumfikisha Muyinga. Tulipokuwa tumekwenda mwendo mrefu, alinitupia jicho.

“Mama, unaenda kuzika?”

“Bado sijajua,” nikamwambia.

Tulipofika Karuzi mvua ilinyesha mpaka dereva akasimama. Nikampigia Sylvestre. Kondoo mmoja alikuwa ameshindwa kuinuka, na nyuma ya sauti yake nilisikia watu wakibishana. “Wanamsema mke wangu,” alisema kwa sauti ya chini. “Wanasema Godeliva anakamua na mikono michafu. Na mimi sasa sijui niseme nini.” Simu ikakatika. Nilimfahamu Godeliva. Katika wanafunzi wote niliowahi kuwa nao, hakuna aliyekuwa msafi kama yeye. Nikabaki nikitazama maji yakishuka kwenye kioo.

Muyinga mjini daktari wa mifugo hakuwapo. Alikuwa vilimani, na nikamwachia ujumbe anifuate Mwakiro asubuhi, vyovyote iwavyo. Kisha nikapanda pikipiki.

Mwakiro niliingia saa kumi na moja jioni. Watu kama ishirini walikuwa wamesimama nje ya uzio wa Sylvestre, na waliponiona wakanipisha. Aliyenijia alikuwa Mama Zawadi, mfanyabiashara kutoka Uvira, Kongo, ambaye huchukua maziwa ya kikundi na kuyageuza mtindi wa kuuza soko la Gashoho.

“Mwalimu, karibu, lakini miye nasema ukweli,” alisema. “Maziwa iko inakatika kwenye moto. Mara ya kwanza nikasema, bon, ni sufuria. Mara ya pili, mtoto wa mteja wangu akaumwa tumbo. Sasa miye sichukue tena, hata moja.”

“Mtoto anaendeleaje?”

“Amepona, Mungu asifiwe. Lakini jina langu haijapona.”

Niliingia bandani. Yule kondoo aliyeanguka alikuwa kwenye kona. Nusu ya kiwele chake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau, na nilipoigusa ilikuwa baridi. Nilijua hapo hapo kwamba huyo hatutamwokoa. Nikajua pia kilichowaua wanakondoo. Hawakufa kwa ugonjwa, walikufa kwa njaa, kwa kuwa mama mwenye kiwele kinachouma humpiga teke mtoto anayetaka kunyonya. Huu ulikuwa ugonjwa wa kiwele. Nilichokuwa sijui ni namna ulivyotoka kwa mmoja ukafika kwa wengine.

“Godeliva,” nikamwita, “wakati wa kukamua umefika. Kamua kama siku zote. Mimi nitaangalia tu.”

Macho yake yalikuwa mekundu. Alinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Akachuchumaa kwa kondoo wa kwanza, akachovya kitambaa cha bluu kwenye maji ya vuguvugu, akapangusa kiwele taratibu, akakausha, akakamua kwa kubana bila kuvuta. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Akaenda kwa wa pili. Akachovya kitambaa kile kile kwenye ndoo ile ile, akapangusa.

Nikasogea karibu.

“Kitambaa hicho unatumia kwa wote?”

“Eh, mwalimu. Ni kile ulituachia. Mi nakifua kila siku, nakianika kwenye jua.”

“Na nani alikufundisha kupangusa wote kwa kimoja?”

Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. “Si ni weye?”

Ni kweli. Siku ile ya mafunzo tulikuwa na kondoo mmoja tu mwenye maziwa, wengine walikuwa bado na mimba. Kitambaa kimoja kilinitosha. Nilieleza maji, sabuni, vidole, muda. Kwamba kila kondoo awe na kitambaa chake sikusema. Pikipiki ilikuwa inanisubiri, na mimi nilikuwa na haraka ya kurudi.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nje watu walikuwa wakisubiri neno langu, na nilijua maneno mengi ambayo wangeyaamini. Ningeweza kusema ni mvua, au ni majani mabichi ya bondeni. Ningeweza hata kukaa kimya, na lawama zingebaki pale zilipokuwa, kwa mwanamke aliyekuwa akiikung’uta mikono yake mbele yangu. Nilimwambia Godeliva peke yake kwanza kwamba kosa lilikuwa langu. Alifunika ndoo, akatoka.

Kulipokucha mchinjaji alikuwa amefika, kamba begani. Nilisimama kwenye lango la banda kabla hajaingia.

“Ugonjwa huu umepita kwenye kitambaa,” niliwaambia. “Mgonjwa mmoja, na kitambaa kikawapelekea wengine. Godeliva amefanya kama nilivyomfundisha. Kosa ni langu, nilimfundisha nusu.”

Kisha mzee mmoja akasema kwa hasira kwamba mwanakondoo wake alikufa mikononi mwake, na mimi sasa namletea maneno. Nilimwomba radhi, naye akageuza uso.

“Nipeni saa moja,” nikasema. “Atakayeonekana mgonjwa tutamtenga. Nikimaliza, mtaamua wenyewe.”

Tulipasua shuka langu vipande, kila kondoo kipande chake. Godeliva alikamua matone ya kwanza kwenye kisahani cheusi, na kila mara watu walisogea kutazama. Wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu, madonge meupe yakateleza juu ya weusi, na mtu akaguna. Niliomba kimoyomoyo kama nilivyokuwa sijaomba kwa miaka. Tulipofika mwisho watano walikuwa safi, wawili wagonjwa, na wa nane ni yule wa kona, ambaye alikata roho wakati tukiendelea kupima.

Sylvestre alimtazama mchinjaji. “Rudi tu, bwana. Hatuuzi.” Kisha akachukua jerikeni, akaenda mwenyewe kisimani kumchotea mkewe maji, mbele ya watu wote.

Daktari alifika saa nne, akawachoma sindano wale wawili, akasema maziwa yao yamwagwe mpaka atakapoidhinisha. Yule aliyekufa tulimzika, hakuliwa. Mama Zawadi alitazama yote hadi mwisho. “Miye nitarudi juma lijalo,” aliniambia. “Lakini kisahani ile, mi mwenyewe nitaangalia. Si weye, si Sylvestre.”

“Ndivyo inavyotakiwa,” nikamjibu.

Nilirudi Buraza baada ya siku mbili, nikiwa nimechoka hata kuongea. Wanachama wetu walikuwa wamekusanyika wanataka habari. Niliwasimulia yote bila kuruka sehemu yangu. Tangu safari ile, ninapofundisha nakamua mara moja tu, kisha nakaa chini na kumwacha mwanafunzi akamue kundi zima mbele yangu, kwa maana hapo ndipo ninapoyaona niliyosahau kuyasema.

Nilipomaliza kusimulia, Mama Daforoza, mkubwa wetu kwa umri, aliuliza: “Kwa hiyo mwalimu wetu alikosea?”

“Nilikosea, mama.”

Akavuta kigoda chake hadi kwa kondoo wa karibu, akakunja mikono ya nguo yake. “Haya. Keti hapo uniangalie na mimi.”