Ruhusa ya Kubadilisha Siku ya Maziko

Niliwahi kuamini, tena kwa roho yangu yote, kwamba ukimpa mtu mwingine uwezo wa msimamizi kwenye tovuti, simu yake inaanza kupokea meseji zako zote, hata zile ulizofuta. Nilisikia hayo shule ya usiku pale Migori, na nilipohitimu nilijiona daktari wa kompyuta wa pekee kutoka Rodi Kopany hadi mpakani.

Basi chama chetu cha kusaidiana wakati wa matanga kiliponikabidhi tovuti, nikabaki msimamizi peke yangu. Katibu wetu, mama mmoja wa Homa Bay, nikampa ngazi ya chini kabisa: aandike tukio kwenye kalenda, kisha angoje niidhinishe.

"Kumbe tumeajiri askari wa geti," aliniambia.

"Na geti lenyewe la chuma, mama!" Nikacheka nusura nizimie.

Kisha babake akafariki. Aliandika maziko ni Ijumaa. Mimi Mkatoliki, maziko yote niliyowahi kuhudhuria yalikuwa Jumamosi, nikadhani huzuni imemchanganya. Nikaandika Jumamosi, nikaidhinisha, na tovuti ikawatumia wanachama wote meseji. Nikaenda zangu Osiri kutengeneza kompyuta ya mnunuzi wa dhahabu. Simu ikaishiwa chaji, na kwa siku mbili sikujali kuitafutia umeme.

Marehemu alikuwa Msabato. Wasabato hawaziki Jumamosi. Katibu alijaribu kuirudisha Ijumaa yake, na kila alipobonyeza, ukurasa ulimwambia hana ruhusa. Akawapigia watu mmoja mmoja. Shangazi yake, dada pekee wa marehemu aliyebaki hai, naye mwanachama wetu, anayeuza nafaka karibu na mpaka wa Tanzania, hakupatikana. Alichokuwa nacho ni ile meseji yangu.

Jumamosi nilifika na suti yangu, nikamkuta shangazi ameketi kando ya udongo mbichi wa kaburi, mkoba bado begani.

"Nyar owadwa," alimwambia binti wa kaka yake, "mlikuwa na haraka gani? Hata uso wake mmeninyima?"

Katibu alimshika mkono. Akanigeukia mimi. Nikaanza kueleza habari za meseji zangu kuvuja.

"Ndugu," akasema, "ungeniruhusu nihariri matukio niliyoyaandika mwenyewe, hayo tu. Ni kisanduku kimoja unaweka alama. Tovuti haisomi simu ya mtu."