Nakala ya Pili Hailali Ofisini

Watu wa mtaa wa Jericho wakikusimulia habari za Nthoki huanza na mdomo wake. Waliofanya naye kazi huanza na vidole, kwa maana vilibaki na weusi wa karatasi za kaboni za kunakilia miaka kumi na minane, na hakuna sabuni iliyoviweza.

Alikuwa karani wa chama cha wachongaji na wake zao, kilichojichanga kikanunua shamba Kayole na kulikata viwanja mia mbili na kumi. Chama kilikuwa na sheria zake, zimechapwa na kubandikwa ukutani. Ya nne ndiyo aliyoipenda Nthoki: kila kinachochapwa kitolewe nakala, na nakala ya pili hailali ofisini. Ilikaa nyumbani kwa mwanachama asiye na cheo chochote.

Kisha mwaka wa 1996 kompyuta ikaletwa, na watu wazima wenye akili zao wakaiona kama sanduku la chuma lisilovunjika. Karatasi za kaboni zikatupwa. Siku ya kugawana viwanja kila mmoja alitia mkono kwenye kiondo akatoa namba yake, Nthoki akaiingiza kwenye kompyuta mwenye namba akitazama, halafu vikaratasi vikachomwa pale pale ili watu wasije wakauziana mlangoni. Nakala haikutolewa. Kosa hilo Nthoki alikubali ni lake, na lilimuuma.

Lilimuuma zaidi Juni ya 1998. Jumatatu moja Mwenyekiti Mutisya alitangaza kwamba Ijumaa kompyuta itapelekwa kwa fundi wake, "isafishwe." Jumatatu hiyo hiyo Nthoki alikuwa amemsikia, mlango ukiwa wazi kidogo, akimwahidi mgeni mmoja mwenye suti viwanja ishirini vya kando ya barabara. Vyote ishirini vilikuwa na wenyewe. Cha saba kilikuwa cha Nthoki.

Jumanne alinakili daftari la viwanja kwenye disketi, akaitia ndani ya blauzi, akaenda nayo sokoni kwa Bilan, msichana aliyekuwa na ofisi ndogo ya kuchapia watu barua. Bilan akaifungua. Kioo kikajaa nyota na vijisanduku.

"Mama Kavinya, hapa hakuna kitu ya kusomeka," Bilan alimwambia Nthoki, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Nani alitengeneza hii programu yenu?"

"Kijana mmoja wa chuo. Alishaenda ng'ambo."

"Basi umebeba mchuzi na mkono, sufuria umeacha jikoni. Lazima programu ikuje pia, na kila kitu inategemea."

"Inaingia disketi ngapi?"

"Mia na hamsini hivi. Na moja tu ikiharibika, umekwisha."

Nthoki akairudisha disketi ndani ya blauzi. "Basi tubebe jikoni yote. Mashine yako ikuje kwa yangu."

Alhamisi saa nne asubuhi, jua likiwaka, mashine ya Bilan iliwasili kwa mkokoteni, imefungwa leso. Nthoki alikataa kufanya kwa kujificha. Wezi ndio hujificha, alisema, na yeye hakuwa anaiba. Waliziunganisha kompyuta hizo mbili kwa waya mmoja mnene, na vitu vikaanza kuhama kimoja kimoja, polepole ajabu.

Saa sita Mutisya akaingia.

"Nini inaendelea hapa?"

"Nakala, Bwana Mwenyekiti."

"Ya barua gani?"

"Ya kila kitu. Barua, daftari, programu, hata ule mchezo wa karata unachezaga ukifunga mlango."

"Nani amekupea ruhusa?"

"Sheria ya nne. Iko kwa ukuta, hapo nyuma yako. Haisemi kaboni. Inasema nakala."

"Zima hiyo kitu, Nthoki!"

Nthoki akainuka, akasimama mbele ya soketi, akaiegemea kwa mgongo. "Utanisukuma kwanza. Na dirisha iko wazi."

Mutisya akageuka. Wauza mboga za sukuma wiki wa ng'ambo ya barabara walikuwa wameacha kukatakata, visu mkononi, wanatazama. Akaikunja midomo.

"Kesho usikuje kazi."

"Sawa. Lakini leo bado niko kazini."

Alipotoka, Bilan alimletea Nthoki kiti. Aliogopa, na hakuona haya kusema ameogopa. Ila mgongo haukuondoka kwenye soketi mpaka saa nane, Bilan alipopiga makofi kwamba imeisha.

Kama alivyotarajia, kompyuta ya chama ilirudi kutoka kwa fundi ikiwa tupu. Jumapili, baada ya ibada, wanachama walijaa ukumbini na Mutisya akasoma orodha mpya, ambayo alidai kamati ilikuwa imeihifadhi kwingine. Majina ishirini ya mwanzo hakuna aliyeyajua. Nthoki, sasa hana kazi wala cha kupoteza, akaashiria mlangoni, na mashine ya Bilan ikaletwa ikawekwa mezani.

"Mama Asenath," alimwita mwanachama mzee kuliko wote, "uliokota namba ngapi kwa kiondo?"

"Kumi na mbili. Nitasahauje?"

Bilan akageuza kioo. Asenath, kumi na mbili.

"Na wewe, Mwenyekiti, uliokota mia na tisini, kule nyuma kwa mtaro. Orodha yako inasema ishirini na moja. Ulihama lini?"

Ukumbi ukavuma. Mutisya akaja mbio mezani, akaishika mashine kwa mikono miwili.

"Hii ni mali ya chama! Naichukua!"

"Ni mali ya Bilan, lakini ukitaka kuiba mbele ya watu wote hawa, iba," Nthoki alisema. "Jana tulitoa nakala ingine kwa mashine ya tatu."

Mutisya akaiachia mashine. "Iko wapi?"

"Hailali ofisini."

Mutisya akarudi kitini. Nthoki akavuta kiti chake karibu na kioo, akapangusa miwani, akamwambia Bilan asome orodha kuanzia namba moja.