Muuguzi wa Migori na chupa mbili za kulainisha nyuso

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Dorah Akumu anafungua friji ndogo kwenye kona ya chumba chake cha kazi mjini Migori, anasoma kipimajoto, kisha anatoa chupa mbili zisizozidi urefu wa kidole gumba. Moja ina kifuniko cha kijivu, nyingine cha zambarau. Anaziweka mezani na kuzitazama kwa muda.

Mbele yake, kwenye kiti cha kuegemea, ameketi mama wa miaka 56, muuza samaki kutoka Homa Bay. Amekubali mwandishi akae pembeni, mradi aitwe Helen tu.

"Daktari, harusi ya msichana wangu ni Jumamosi ya wiki ijayo," anasema Helen, akijigusa katikati ya nyusi, ambapo mistari miwili imezama. "Kila mtu akiniona ananiuliza nani amekufa. Na hakuna mtu amekufa. Nataka ile ya haraka."

Dorah, 51, si daktari. Ni muuguzi aliyehudumu wodini miaka 22 kabla ya kusomea kazi hii. Huchoma sindano za kulainisha makunyanzi chini ya usimamizi wa daktari wa ngozi anayekuja kutoka Kisumu kila baada ya wiki mbili.

Kwa mwezi hupata wateja kumi au kumi na wawili: walimu, wafanyabiashara, wake wa wachungaji, na wanaume wachache wanaopanda ngazi wakiwa wamevuta kofia hadi machoni. Karibu wote humwachia ombi moja.

"Wananiambia, tukikutana sokoni usinisalimie," anasema. "Nawaelewa. Nikimsalimia mtu, wenzake watajua alikuja kwangu. Kwa hivyo natembea huu mji kama mgeni, na nimeishi hapa miaka kumi na saba."

Mumewe alifariki. Mwanawe wa pekee, Jeff, anafanya kazi Doha na hupiga simu Jumapili. Siku nyingine Dorah hula chakula cha mchana peke yake, mlango ukiwa umefungwa, redio ikiongea.

Dawa za chupa zote mbili hufanya kazi moja: hulegeza msuli ili ngozi iliyo juu yake itulie, kwa miezi mitatu au minne. Tofauti yake ni ndogo, lakini usoni hata kidogo huonekana. Anavyoeleza Dorah, ya zambarau huanza kufanya kazi siku ya pili au ya tatu, ila husambaa zaidi ya pale ilipochomwa. Ya kijivu hukaa pale pale ilipowekwa, lakini hufikia nguvu yake kamili baada ya wiki mbili.

Helen ana siku tisa. Pia ana kope nzito zilizoshuka kidogo, na hizo ndizo zinazomtia Dorah wasiwasi.

Mwaka jana alikuja mtu mwenye macho kama hayo. Hakuwa mteja. Alikuwa Moraa, mwalimu, rafiki yake tangu watoto wao wakiwa shule ya msingi. Moraa alikuwa ameitwa kwenye mahojiano ya kuwa mwalimu mkuu na hakutaka kuonekana mchovu.

"Aliniambia, 'Mama Jeff, nifanyie ya haraka.' Moyo wangu ulikataa. Lakini ni rafiki yangu, nikaona aibu kumkatalia," anakumbuka Dorah.

Siku ya sita kope ya jicho la kulia ilishuka ikafunika nusu ya mboni. Moraa aliingia kwenye mahojiano hivyo hivyo. Kazi akapewa mtu mwingine.

"Hakunigombeza. Alinyamaza tu. Mimi nikaendelea kumtumia ujumbe: pole, jicho likoje, pole tena. Hakujibu hata moja."

Dorah anarudisha chupa ya zambarau kwenye friji.

"Mama, nitakuwekea hii ya kijivu, kidogo tu, hapa katikati. Paji la uso siligusi. Siku ya harusi utakuwa umepata kama nusu."

Helen anaketi wima kwenye kiti. "Nimetoka Homa Bay yote hiyo kuja kuchukua nusu?"

Hapo Dorah anafanya jambo ambalo anasema hajawahi kumfanyia mteja yeyote. Anamsimulia habari za Moraa, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Helen anasikiliza bila kumkatiza, mkoba ukiwa mapajani.

"Na huyo rafiki yako sasa yuko wapi?" anauliza.

"Anafundisha Rodi Kopany, karibu na kwenu."

"Anakuchukia?"

"Sijui. Sijamuuliza."

Helen anaegemea kiti na kufumba macho. "Haya. Weka hiyo nusu."

Jumatatu baada ya harusi, Dorah alipokea picha kwenye simu. Mistari miwili bado ilikuwepo, imefifia, na Helen alikuwa anacheka, macho yote mawili wazi. Chini ya picha aliandika neno moja: "Umempigia?"

Dorah anasema alikaa na simu mkononi hadi chai yake ikapoa. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na mmoja, akapiga badala ya kuandika. Moraa alipokea.

"Nikaanza kuomba msamaha juu ya jicho. Akanikatiza. Akasema, 'Jicho lilipona siku ya arobaini na tisa, Mama Jeff. Nilikuwa nakaa ndani nikijificha watu wasinione, na nikisikia mlango nafikiria ni wewe. Ulinitumia pole kumi na mbili. Hukuja hata siku moja.'"

Dorah anajipangusa uso kwa kiganja.

"Nilikuwa naogopa kuona kile nilichofanya," anasema. "Kumbe hakuwa anangoja jicho lipone. Alikuwa anangoja mtu."

Jumamosi hii hatafungua chumba chake. Wateja wawili amewasogeza hadi wiki ijayo. Ataenda Rodi Kopany, na hajui watazungumza nini.

"Nimemwambia nitafika saa nne," anasema. "Akaniambia nisile njiani."