Mstari wa Mabingobingo

Riziki binti Uthmani hakuwa mtu wa kuchekacheka, na anayebisha basi hajawahi kukatiza shambani kwake bila kupiga hodi. Alizaliwa Musinzira, pale Gitega, miaka michache baada ya uhuru, baba yake akiwa mshona magodoro. Akaolewa Buhinyuza, huko Muyinga, na Houssein, fundi baiskeli mpole asiyejua kumkatalia mtu kitu. Mungu akawajalia watoto sita na shamba moja. Lilikuwa limelala mteremkoni: juu changarawe tupu, chini, karibu na bonde, udongo mweusi uliotoa maharage na mateke, yaani magimbi, mwaka mzima. Riziki alilipenda shamba lile kuliko alivyopenda watu wengi, wala hakuwaficha watu hao.

Nyumbani kwa mumewe alikuta hadithi moja. Wakati wa Wabelgiji kila mwenye shamba alilazimishwa kuchimba mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na aliyechelewa kuchimba alikula viboko mbele ya watoto wake. Siku uhuru ulipotangazwa, watu wa mlima ule walianza kwanza kufukia mitaro, ngoma zikafuata baadaye. Baba mkwe wake alifukia wa kwake akiwa amevaa kanzu ya Idi. Hadithi hiyo Riziki aliishika barabara, akawalisha watoto wake pamoja na uji.

Sasa hebu fikiria, mwaka elfu mbili na tisa, vita vimeshapoa na mlima umejaa watu mpaka mihogo inapandwa ukingoni mwa barabara, gari la chuo kikuu linapanda kutoka Gitega. Anashuka kijana mwenye miwani na viatu vya matope mapya, anaitwa Athumani, anasema amekuja kufanya utafiti juu ya ardhi na ongezeko la watu. Houssein akamtolea kiti. Riziki akabaki amesimama, jembe begani.

"Bon, mama, mko na watoto wangapi?" Athumani akauliza kwa adabu.

"Sita."

"Na mnafikiri kuongeza?"

"Na we, iko na wangapi?"

"Wawili, mama."

"Kwa mama yako mlizaliwa wangapi?"

Athumani akakohoa. "Tisa."

"We ni wa ngapi?"

"Wa saba."

"Yebabawe!" Riziki akapiga makofi mara moja. "Wangemfikia mama yako na maswali yao mapema, leo tungekuwa tumelima kwa amani hapa!"

Houssein alitamani ardhi immeze. Athumani akacheka, tena akacheka kwa dhati, na hilo ndilo lililomuudhi Riziki zaidi. Mtu umemtukana mpaka kwa mama yake, naye anakuchekea! Tangu siku ile alimwona kama mtu asiye na damu.

Lakini Houssein alishakubali. Athumani akaja na vijana wake na kifaa cha kupimia usawa wa ardhi, miti mitatu iliyofungwa kama mlango wa hema, katikati inaning'inia kamba yenye jiwe. Wakakitembeza shambani hatua kwa hatua, wakipigilia vijiti pale kamba ilipotulia. Vijiti vikapita katikati ya mteremko kutoka upande huu hadi ule. Safari hii hakukuwa na mtaro, walisema. Watapanda tu mabingobingo kwa mstari, yashike udongo usiteremke, na mbuzi wapate majani.

"Mstari?" Riziki akaja juu. "Hapa kwetu mtu hapandi mstari bure. Mstari ni mpaka. Mi na mume wangu tumegombana lini hata mtugawe?"

"Mama, huu si mpaka. Ni majani tu."

"Yasikilizeni maneno hayo," akawaambia majirani waliokuja kushangaa. "Amesema ni majani tu. Mkae nayo."

Wakakaa nayo kama watu wanavyokaa na maneno ya jirani, yaani wakayasahau kabla ya magharibi. Mabingobingo yakashika. Miaka miwili baadaye yalikuwa yamempita Houssein kimo, na Houssein mwenyewe akaugua homa, akalala, asiamke. Walimzika juu ya shamba, upande wa changarawe.

Arobaini ilipomalizika, Radjabu akafika. Huyu ni mdogo wake Houssein, mwenye duka la vitenge Gitega. Duka hilo lilianzia kwenye shamba hilohilo: baba yao, akiwa hai, aliuza kipande kizima cha pembeni ili Radjabu afungue biashara, wakakubaliana kwamba fungu lake limekwisha. Mlima mzima ulijua. Ila walioketi siku ile ya makubaliano wengi walikuwa wameshakufa, na waliobaki walipenda kupewa kitenge.

Radjabu akasimama mbele ya mabingobingo, mikono nyuma, kama mtu anayechagua ng'ombe.

"Shemeji, kaka yangu alikuwa mtu wa haki," akasema. "Kumbe aliacha amenigawia. Juu kwenu, chini kwangu."

"Radjabu, umelewa?"

"Mi sinywi."

"Basi ungekunywa, tungekusamehe!"

Alimrushia maneno mpaka njiani, lakini shauri likaenda kwa bashingantahe, wazee waamuzi wa mlima. Riziki alijua wazi kilichokuwa hatarini. Chini ndiko kulikotoka chakula. Juu kulitoa kokoto na kaburi la mumewe. Akipoteza chini, watoto sita watakula nini? Kwa mara ya kwanza maishani alimeza kiburi, akapanda pikipiki mpaka njia kuu, kisha gari mpaka Gitega, akamtafuta Athumani hadi akampata.

"Njoo useme vile ulivyosema," akamwambia. Hakusema tafadhali.

Na kijana akaja, tumpe haki yake. Akasimama mbele ya wazee na majirani, akaeleza kwa utaratibu kwamba mstari ule ni wa kushika udongo, na kwamba ulipita pale kwa sababu ya mteremko, si kwa sababu ya urithi. Riziki akaanza kupumua.

Mzee mmoja akakuna kidevu. "Mwalimu, we ni mtu wa vipimo. Huku juu na kule chini, wapi ni kukubwa?"

Athumani akarekebisha miwani. Hapo ndipo pepo wa shule alipompanda kichwani. Angeweza kusema sijui. Angeweza kukohoa, kama alivyokohoa siku ya mama yake. Lakini alikuwa amelipima shamba lile kwa mikono yake, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Kwa kweli pande zote mbili zinalingana," akasema kwa furaha. "Karibu sawasawa kabisa."

Watu wakaguna. Radjabu akageukia wazee na kufungua mikono. "Mmesikia? Majani yaote yenyewe katikati ya shamba, nusu kwa nusu? Kaka yangu aligawa! Naapa mbele yenu, huu ni mpaka wa mimi na nyumba ya kaka yangu, na atakayeung'oa Mungu amwone!"

Wazee wakanong'onezana, wakarudi na neno moja: mstari ni mpaka, na mpaka hauguswi. Chini ni kwa Radjabu.

Riziki alimfuata Athumani mpaka kwenye gari.

"Mama, nimesema ukweli tu," kijana akasema, uso umemshuka.

"Nani alikuuliza ukweli? Mi nilikuita unisaidie!" Akaupiga mlango wa gari kwa kiganja. "Nenda kaandike. Andika Riziki ana watoto sita na shamba limepungua nusu. Si ndicho mlichokuja kutafuta?"

Miaka iliyofuata ilikuwa ya uchungu, na sitaipaka asali. Walikula mihogo, wakalala, wakaamka, wakala mihogo. Kwa kuwa hakuwa na pengine pa kulima, Riziki akaipiga changarawe jembe. Akakata mabingobingo akalisha mbuzi, akabeba samadi ya mbuzi akaimwaga juu. Mvua zikaja na kubeba udongo kama kawaida yake, ila sasa ulipofika kwenye mabingobingo ukasimama. Msimu kwa msimu ukajaa nyuma ya mstari. Mteremko ukaanza kulala. Siku moja Riziki akachoma jembe pale, likazama lote, akalichomoa na kulitazama, hakumwambia mtu.

Na chini? Chini palikuwa panalishwa na juu tangu zamani, na hakuna aliyejua, hata Riziki. Radjabu alipangisha kwa watu wa kupita, wakalima bila kurudisha hata kinyesi cha kuku. Udongo mweusi ukachakaa, maharage yakawa ya manjano, wapangaji wakahama. Siku moja Radjabu akaja mwenyewe na viatu vyake vya dukani, akaangalia kwake, akaangalia kwa shemeji yake, mahindi yamesimama mazito. Akaelewa. Hakuwa mjinga, alikuwa mwizi tu.

"Shemeji," akaita kutoka ng'ambo ya majani. "Hii mabingobingo inanizuilia udongo. Ing'oe, au tupunguze kidogo."

Riziki aliegemea jembe. Alikuwa ameisubiri siku hiyo bila kujua kwamba anaisubiri.

"Ning'oe nini?"

"Majani haya."

"Majani? Mi sioni majani hapa. Mi naona mpaka. We si uliapa? Atakayeung'oa Mungu amwone! Nenda ukaite wazee, shemeji, uwaambie yalikuwa majani tu. Mi nitakuja na kiti changu nikae nisikilize."

Radjabu akageuza viatu vyake vya dukani. Akarudi Gitega, na Riziki akacheka peke yake shambani mpaka mbuzi wakamgeukia.

Hadithi ingeishia hapo kama dunia ingekuwa na adabu. Lakini watoto hukua. Mmoja aliolewa, mwingine akaenda kutafuta kazi Gitega baada ya mji kufanywa makao makuu, na wanne wakabaki nyumbani, wanaume wote. Mkubwa wao, Abubakari, akaoa, na mkewe akawa mjamzito. Wadogo zake Abubakari wakaanza kunong'onezana habari za mafungu, na kuacha kila alipoingia ndani. Riziki aliliona hilo, akajifanya ana shughuli.

Asubuhi moja alimkuta Abubakari shambani, pale juu, ameweka chini mzigo wa vipande vya mabingobingo vilivyokatwa vizuri, tayari kwa kupandwa. Ameshapigilia vijiti viwili vya kamba, kimoja huku, kingine kule, katikati kabisa ya shamba.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nataka kuongeza mstari, mama. Kama ule wa marehemu baba." Hakumtazama usoni. "Wa kuzuia udongo usiteremke."

Riziki alitazama kushoto, akatazama kulia. Shamba lilikuwa limelala bapa. Mvua ya jana ilikuwa bado imesimama kati ya matuta ya mahindi, haijui pa kwenda.

"Uteremke kwenda wapi?" akauliza.

Abubakari akainama, akawa anapanga upya vipande ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Alikuwa na aibu, aibu ya Houssein ileile. Riziki alitaka kumtukana, na matusi alikuwa nayo, Mungu anajua, ya kutosha mlima mzima. Hayakutoka. Huyu hakuwa Radjabu. Huyu alimzaa.

Akatembea mpaka katikati ya vile vijiti viwili, akaiweka kamba pembeni kwa mguu, akaketi juu ya udongo wenye maji, akanyoosha miguu.

"Panda," akamwambia. "Ukifika hapa, nizungushie majani."

Abubakari akasimama na mabingobingo mikononi, hapandi wala haondoki, na hakuna kati yao aliyejua nani atampisha mwenzake kwanza.